Palipouma na Palipoharibika

Kwenye simu yangu nina picha ya ndani ya tumbo langu. Si ya kuonyesha wageni, ingawa nimeshaionyesha watu wengi kuliko nilivyodhani. Upande wa chini, karibu na lango ambalo chakula hupitia kuingia utumbo mwembamba, kuna kidonda cha mviringo chenye sakafu nyeupe na kingo zilizovimba. Kila anayeitazama macho yanamkimbilia hapo. Hata mimi yalikimbilia hapo. Daktari ndiye aliyesogeza kidole pembeni, kwenye ngozi ya ndani iliyokuwa nyekundu huku na kupauka kule, mpaka vijishipa vya damu vinaonekana kwa chini, akaniambia, "Fundi, hiki kidonda tutakiponya. Ninachokiangalia mimi ni ukuta."

Aliniita fundi kwa sababu nilikuwa nimemwambia kazi yangu. Napiga lipu, mwaka wa 20 na kitu sasa. Neno ukuta likanishika. Kama angesema "utando wa tumbo" pengine ningeitikia kwa kichwa tu na kuwaza muda wa kurudi nyumbani.

Maumivu yenyewe nilikuwa nayo miaka minne. Yalinijia nusu saa hivi baada ya kula, chini kidogo ya chembe cha moyo, kama mtu anayesugua mahali palepale kwa msasa. Nikajifunza kula kidogo, halafu nikajifunza kutokula. Mkanda nikautoboa tundu jipya, baadaye jingine. Watu wakinisifia kwamba nimepungua mwili, nacheka nao.

Dawa nilijiandikia mwenyewe: vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, na vikishindwa, omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Nilikuwa nazinywa wiki mbili, naacha, nazirudia. Na zilisaidia! Hilo ndilo lililonichelewesha. Dawa isiyosaidia kabisa inakupeleka hospitali. Inayosaidia nusu inakubakiza nyumbani. Kila aliyenishauri alinipa sababu yake: mawazo, vyakula vikali, kukaa na njaa. Mimi mwenyewe nilishaamua kwamba tumbo langu linatengeneza asidi nyingi kupita kiasi, basi, ndivyo nilivyoumbwa. Baba naye alikuwa akishika hapohapo chini ya chembe cha moyo na kukunja uso. Alipofariki sisi nyumbani tulisema ni vidonda vya tumbo. Karatasi ya hospitali ilisema saratani ya tumbo. Miaka mingi tuliyachukulia maneno hayo mawili kama njia mbili za kusema kitu kimoja.

Juu ya hayo kulikuwa na mgongo. Anayepiga dari kwa mwiko siku nzima anajua. Jioni nilimeza diklofenaki moja, kidonge cha maumivu, siku za kazi nzito mbili, mara nyingi tumbo likiwa tupu kwa sababu kula kulikuwa kunaniuma. Nilikuwa naponya mgongo kwa kulipa na tumbo, na sikuijua hesabu hiyo.

Hapa nilitubu baadaye: mwaka mmoja kabla ya ile picha nilipimwa. Niliona nifanye jambo la maana, nikapeleka choo maabara wakatafute bakteria wa vidonda vya tumbo, yule aitwaye Helicobacter pylori. Majibu yakaja: hayupo. Nikatoka nimenyoosha kifua. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa kwenye omeprazoli, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kusema. Nilikuwa nimeimeza asubuhi ileile. Dawa hizo zinawapunguza bakteria na kuwasogeza bila kuwamaliza, kwa hiyo kipimo cha choo au cha pumzi kinaweza kusema hayupo naye yupo. Inatakiwa ukae wiki mbili bila dawa hizo, na wiki nne bila antibiotiki, ndipo upime. Karatasi ile ya "hayupo" ilinigharimu mwaka mzima.

Kilichonipeleka mwishowe hakikuwa maumivu. Kwanza nilianza kuhema nikipanda jukwaa, ngazi sita tu, mapigo ya moyo yananigonga masikioni. Nikasema ni umri. Kisha asubuhi moja choo kikatoka cheusi kama lami, kinanata, na harufu ambayo sikuwahi kuisikia. Mke wangu aliposikia hakuniuliza ninajisikiaje. Alichukua mkoba wake akasema, "Vaa viatu." Damu ikitoka juu tumboni inapikwa na asidi na kusagwa njiani, ndiyo maana haionekani nyekundu. Walipopima wingi wa damu yangu, mhudumu aliniangalia, akaangalia karatasi, akaniuliza nimekuja kwa miguu?

Basi nikalazwa, nikaongezewa damu, na kesho yake nikapelekwa kwenye kipimo cha kamera. Wanaokiogopa niwaambie ukweli: si kitu cha kufurahia, lakini ni kifupi. Walinipulizia dawa chungu kooni ya kutia ganzi, wakanilaza ubavu wa kushoto, wakanipa kipande cha plastiki nikiume, kisha mpira mwembamba ukapita. Unacheua mfululizo kwa sababu wanajaza hewa ili tumbo litanuke waone. Machozi yanatoka yenyewe. Nikasikia daktari akimwambia msaidizi, "Chukua. Chukua tena. Na hapa." Alikuwa ananyofoa vipande vidogo vya nyama kwa koleo jembamba lililopita ndani ya mpira. Nilikaza mwili nikingoja uchungu. Haukuja. Amenikata tumboni mara sita au saba na sikusikia kitu.

Nilimuuliza kuhusu hilo nilipopata sauti. Akanijibu kwamba ngozi ya ndani ya tumbo haisikii kukatwa kama ngozi ya mkono inavyosikia. Linasikia likitanuka kupita kiasi, na likivimba asidi inaweza kuwasha neva zake; lakini linaweza kuliwa taratibu kwa miongo na mwenye tumbo asijue. Nimeyakumbuka maneno hayo kuliko yote aliyoniambia. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba siku isiyo na maumivu ni siku ambayo tumbo limepumzika.

Kipande kimoja hakikupelekwa maabara. Msaidizi alikitumbukiza kwenye kishimo kidogo chenye jeli ya rangi ya njano. Mimi najifuta mate, naona njano ile inageuka. Ikawa kama chungwa, kisha waridi iliyokolea. "Ndiye," akasema daktari. Vidonge vilikuwa vimeniishia wiki tatu kabla, kwa hiyo safari hii mgeni wangu hakuwa na pa kujificha.

Rangi ile ndiyo iliyonifungua macho, maana daktari aliitumia kunieleza kila kitu. Jeli ina yurea, kitu ambacho mwili wetu hukitengeneza na kimo hata kwenye majimaji ya tumbo. Bakteria huyu anabeba kimeng'enya kingi mno cha kuvunja yurea. Ikivunjika inatoa amonia na hewa ya kabonidayoksaidi. Amonia inaua ukali wa asidi, na jeli ikipoteza asidi inabadilika rangi. Anachokifanya kwenye kishimo ndicho anachokifanya tumboni: anajizungushia wingu la amonia ili asiungue.

Mimi nilidhani bakteria anayeishi tumboni lazima aipende asidi. Kumbe anaikimbia. Ana umbo la kujisokota kama skrubu, ana mikia myembamba upande mmoja, na akiingia tu anaogelea kutoka kwenye asidi kuelekea ukutani, kwenye ute.

Nikamwambia daktari kwamba ute huo basi ni lipu. Akacheka, akakubali nusu. Ute wa tumbo ni tabaka la utelezi mzito, halifiki hata milimita moja. Upande wa ndani kuna asidi inayoweza kuyeyusha nyama. Upande wa pili, kwenye uso wa seli, hali ni karibu sawa na maji ya kawaida. Tofauti yote hiyo imeshikiliwa na tabaka jembamba kuliko niru ninayomalizia ukuta. Seli zinatoa ute, zinatoa pia bikaboneti inayopooza asidi kabla haijafika. Sasa ute huu unakuwa mzito kwa sababu ya asidi yenyewe. Ukiipunguza asidi mahali fulani, ute wa mahali hapo unalegea kutoka jeli na kuwa majimaji. Amonia ya bakteria inafanya hivyohivyo. Anapojilinda na asidi, palepale analainisha ute unaomzunguka na kujifungulia njia ya kupita.

Akifika chini, wengi wao wanabaki wakiogelea kwenye ute, wachache wanajishikiza kwenye seli. Baadhi ya aina zake zina kifaa mfano wa bomba la sindano. Wanachoma seli na kuingiza protini inayovuruga mpangilio wake wa ndani na kulegeza mahali seli moja inaposhikana na jirani yake. Wanatoa pia sumu inayofanya seli zijae matundu kama mkate uliochacha. Hapo kwenye viungo ndipo nilipoelewa bila kuchorewa. Ukuta hauanzi kuvuja kwenye tofali, unaanza kwenye kiungo.

Lakini daktari alinisahihisha tena, na hili sikulitegemea. Alisema uharibifu mkubwa haufanywi na bakteria kwa mkono wake mwenyewe, unafanywa na askari wetu. Seli zikichokozwa zinapiga kengele, na seli nyeupe za damu zinamiminika. Zinakuja na kemikali za kuulia. Adui yuko nje, kwenye ute, ambako hawamfikii vizuri. Wao wako ndani ya ukuta, wanafyatua hukohuko. Kwa kawaida maambukizi yanakwisha au yanakuua, lakini haya hayafanyi lolote kati ya hayo. Mtu anaambukizwa utotoni na vita inaendelea hadi uzeeni kama hakutibiwa. Uwekundu ule kwenye picha ni vita ya miaka pengine 40.

Mfano wangu wa lipu ukaishia hapo, na kwa sababu nzuri. Lipu ikibanduka haijirudishii. Uso wa ndani wa tumbo unajijenga upya kila baada ya siku chache, seli za zamani zinadondoka na mpya zinapanda. Ndiyo maana wengi wenye bakteria huyu, na inakadiriwa ni karibu nusu ya watu wote duniani, hawapati kidonda kamwe. Wanabomolewa na kujenga, wanabomolewa na kujenga. Kidonda kinakuja pale ubomoaji unapozidi ujenzi. Na mimi nilikuwa nimemsaidia mbomoaji kwa diklofenaki. Dawa za aina hiyo zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini, na prostaglandini ndizo zinazoagiza ute, bikaboneti na damu ya kutosha ya kulisha ukuta. Bakteria anatoboa, mimi kila jioni namsimamisha kazi fundi wa kuziba.

Nikamuuliza, sasa asidi yangu nyingi? Akasema haikuwa nyingi. Kuna watu ambao kweli asidi inapanda: bakteria wakikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo, wanavuruga seli zinazotoa breki ya asidi, na asidi ya ziada inakwenda kutoboa mwanzo wa utumbo. Lakini uvimbe ukisambaa kupanda juu, tezi zenyewe zinazotengeneza asidi zinakufa na kusinyaa. Zile sehemu zilizopauka kwenye picha yangu zilikuwa sehemu ambazo tezi zimepungua mpaka ngozi imekuwa nyembamba. Asidi yangu yumkini ilikuwa chini ya kawaida. Miaka minne nilikuwa nawinda kitu kilichokuwa kinapungua.

Wiki hizo za kungoja majibu ya vipande nilisoma sana, na kisa kimoja nilikirudia mara kadhaa. Robin Warren, mtaalamu wa patholojia wa Perth, Australia, alianza kuwaona vijidudu hawa kwenye vipande vya matumbo mwaka 1979, wakati vitabu vilisema hakuna kinachoweza kuishi mle. Akaungana na daktari kijana, Barry Marshall. Walihangaika kuwaotesha maabara bila mafanikio, kwa sababu sahani za kuoteshea zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya mwaka 1982 sahani zikasahauliwa kwa sababu ya sikukuu, zikakaa siku tano, bakteria wakaota. Mwaka 1984 Marshall, akiona watu bado wanabisha, akawanywa. Baada ya siku chache alikuwa anatapika, pumzi inanuka, na siku ya kumi kamera ikaonyesha tumbo lililokuwa zima limevimba. Kidonda hakupata. Alipata ukuta mwekundu tu, na kwangu mimi hilo ndilo kiini cha kisa. Yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nikahesabu miaka ya baba. Alipoanza kushika tumbo, elimu hiyo ilikuwa tayari ipo duniani.

Nilipewa dawa za siku 14: omeprazoli ya dozi kubwa na antibiotiki mbili, amoksilini na klarithromisini. Siku ya sita sikuwa na maumivu yoyote. Nilikula sahani nzima nikangoja ile nusu saa, ikapita, saa ikapita. Tumbo lilikuwa linaharisha kwa dawa, mdomo mchungu, na kazi ilinisubiri. Nikaacha. Ndiyo, pamoja na yote niliyoambiwa, pamoja na kukatwa vipande bila kusikia, nilirudi kupima ugonjwa kwa maumivu. Akili inaelewa mapema, mazoea yanachelewa. Kilichoondoa maumivu siku ya sita ni omeprazoli. Bakteria waliobaki ni wale wagumu.

Kipimo cha baadaye kikasema yupo. Daktari hakunifokea. Alisema hata ningekuwa mgonjwa mtiifu kuna bakteria wanaokuja tayari na usugu wa klarithromisini, hivyo hatuwezi kujua lawama yote ni ya nani. Alinipunguzia aibu kwa makusudi, nadhani. Mara ya pili zikawa dawa nne: omeprazoli, tetrasaiklini, metronidazoli na bismuthi, siku 14, mara nne kwa siku. Mke wangu alibandika karatasi ukutani na kalamu kwa kamba. Metronidazoli inafanya mate yawe na ladha ya sarafu. Bismuthi inageuza choo kuwa cheusi, na ulimi pia. Siku ya pili nilitoka chooni natetemeka, nimeshika mlango, nikidhani damu imerudi. Mke wangu akaniuliza, "Daktari alisema nini juu ya choo?" Alikuwa amesema. Mimi nilikuwa natazama picha.

Baada ya hapo nilisubiri wiki sita, za mwisho bila omeprazoli, ndipo nikapimwa kwa pumzi. Unakunywa maji yenye yurea ambayo kaboni yake imewekewa alama, unangoja, unapuliza kwenye mfuko. Bakteria akiwepo ataivunja yurea na ile kaboni itatoka kwenye pumzi. Ni ujanja uleule wa jeli ya njano. Yangu haikutoka. Walinirudisha pia kwenye kamera kuhakikisha kidonda kimefunga na hakikuwa kimeficha saratani. Kilikuwa kimebaki kovu dogo lililovuta ngozi kama uzi uliokazwa. Uwekundu umetulia.

Majibu ya vipande yalikuwa yamesema mambo mawili. Tezi zimesinyaa kwa kiasi, na katika sehemu ndogo seli za tumbo zimeacha kufanana na za tumbo, zimeanza kufanana na za utumbo. Si saratani. Ni moja ya ngazi zinazoelekea huko, na wengi wanaofika ngazi hiyo hawapandi zaidi, hasa bakteria akiondolewa. Uvimbe unapona vizuri. Tezi zilizosinyaa zinaweza kurudi kwa kiasi. Seli zilizobadilika kabila hazina haraka ya kurudi, pengine hazirudi. Kwa sababu ya baba, nitatazamwa tena kila baada ya miaka mitatu. Diklofenaki imefutwa kwangu. Mgongo sasa ni parasetamoli na mazoezi ambayo nayafanya nikikumbushwa.

Daktari aliuliza tulikuwa watoto wangapi nyumbani. Watano, chumba kimoja. Akasema bakteria huyu hupita zaidi ndani ya familia, utotoni, kwa mate, matapishi na mikono isiyooshwa, kwa hiyo tukiwa watoto wa mgonjwa wa saratani ya tumbo tupimwe wote. Dada zangu walikubali siku hiyohiyo. Mmoja hana, mmoja anaye, ameshatibiwa. Mdogo wetu ameahidi.

Kaka mkubwa alipimwa kwa kunyamazisha kelele zangu, akakutwa naye. Alinipigia akicheka. "Mimi sijawahi kuumwa tumbo maisha yangu yote," akasema. "Nakula chochote. Hizo dawa za siku 14 za kuharisha ninywe za nini, na siumwi?"

Sikubishana naye kwenye simu. Jumamosi nilikwenda kwake, nikaketi upande wa pili wa meza, nikafungua ile picha. Macho yake yakakimbilia kwenye kidonda. Nikasogeza kidole pembeni.